Kung'oa Mataruma

Julai hapa Uyole baridi haibishi hodi.
Nimelaza gitaa la besi juu ya meza ya kulia,
blanketi chini, taulo chini ya shingo;
nyuzi nne nimezifungua, zimejikunja kitini
kama paka wanne walionuna.

Baba anapita na kikombe cha chai.
Miaka thelathini na moja alikagua mataruma,
Iyunga hadi Vwawa, kwa miguu, nyundo begani,
akigonga reli na kusikiliza:
chuma kizima huitika, chenye ufa hukohoa.
"Unafanya nini?"
"Naking'oa hiki, Baba. Na hivi vingine. Vyote ishirini."
Akaitazama shingo, akalitazama koleo, lake,
akaweka kikombe.
"Na treni itapita wapi?"

Besi hii ilikuwa ya kaka yangu, Ambakisye.
Miaka tisa aliipiga kwenye ukumbi kule Mafiati,
kisha akavuka Nakonde na magunia ya mchele wa Kyela.
Alisema atarudi Ijumaa.
Hakusema Ijumaa ipi.
Kidole chake kilipenda kurudi palepale,
chuma cha tano, uzi wa tatu;
pameliwa, pamebonyea
kama kizingiti cha duka la zamani.
Kila nikipita hapo sauti ilikwaruza,
yeye huyo, ananikatiza maneno.

Napasha chuma kwa pasi ya kulehemu,
nahesabu, natia koleo,
nasogeza taratibu. Haraka hapa ni kibanzi,
kibanzi ni gundi, gundi ni siku nzima.
Cha kwanza kinatoka na mlio mdogo.
Cha pili.
Cha tatu kinaondoka na nyama ya mti.
Naviangusha kwenye kopo la kahawa.
Cha tano nakiruka.
Nafika cha ishirini, narudi, bado kipo,
peke yake shingoni kama jino la bibi.
Nakunywa chai ya baba. Imekwisha kupoa.
Nakitoa.

Mifereji imebaki wazi.
Kifuniko cheupe cha ndoo ya mafuta
nakikata vipande vyembamba kama kucha,
najaza, gundi, kisha msasa, msasa, msasa,
hadi vumbi linaingia kwenye ugali,
hadi kiganja kinateremka shingo nzima bila kujikwaa.
Mistari myeupe tu imebaki,
mipaka iliyoondolewa askari.

Jumapili, kwaya. Nikabonyeza nilipozoea.
Mwalimu Tusekile akageuka taratibu
kama mtu aliyekuta unywele kwenye mboga.
Sauti ya kwanza wakachekea ndani ya vitabu.
Zamani ungekanyaga popote ndani ya chumba,
chuma kingekusahihisha bila kukusema.
Sasa hakuna chumba.
Kidole kikikosea kwa upana wa punje ya ulezi,
kanisa zima linajua.

Usiku sikulala.
Saa nane, tangi la mafuta la kwenda Tunduma
likaanza kushuka Mlima Nyoka.
Dereva akaibana injini, ngurumo ikateremka,
ndefu, bila kukanyaga ngazi hata moja.
Nikachukua besi, haina umeme,
kidevu nikakiegemeza kwenye ubao,
nikaanza mstari wa saba, nikashuka nayo.
Ngurumo ikatulia mahali,
chini ya wa tano, juu ya wa nne,
mahali ambapo Ambakisye hakuwahi kukaa
kwa kuwa hapakuwa mahali.
Nikakaa hapo.
Kidole kikatetemeka kidogo, na sauti nayo.

Ng'ambo ya ukuta baba akagonga mara moja
kwa kifundo cha kidole,
akanyamaza kitambo.
Kisha: "Koleo langu lirudi kesho."