Jiwe Chini ya Ulimi

Wiki tatu nilikula nimeshika shavu.
Tsiala, mama mkwe, akadhani ni maringo:
"Mchuzi wangu wa plamu una kasoro gani?"
Haukuwa na kasoro. Ulikuwa mchachu
kama inavyopasa kuwa mchachu hapa Kutaisi,
na mate, yaliposikia tu kizibo kikifunguka,
yalikuja mbio, yakakuta mlango umefungwa,
yakarundikana chini ya taya:
uvimbe, yai la kware.

Daktari wa meno alitaka kunipiga picha.
Akatazama tumbo. Miezi saba.
Akairudisha aproni ya risasi kwenye msumari wake.
"Nenda kwa Murman. Yeye hutazama kwa sauti."

Chumba ni kilekile. Hapa, mwezi wa Machi,
nilionyeshwa uti wa mgongo wa mwanangu, shanga kwa shanga.
Mashine ileile; Murman alichomoa kichwa kipana,
akachomeka kingine, bapa kama kiberiti.
Jeli baridi, safari hii shingoni.

Sauti ambayo hata mbwa haisikii
inaingia, inagonga, inarudi na habari.
Haichomi. Haibaki.
Inapiga hodi tu.

"Toa ulimi." Tone la limau.
Nikamwambia, kwetu uchachu ni plamu.
"Mate hayana ukabila," akasema, akadondosha la pili.

Yakaja. Kwenye kioo mfereji ukafumbuka,
uzi mweusi, ukanenepa, ukakoma ghafla
mbele ya kitu cheupe.
Punje. Milimita sita.
Na nyuma yake kivuli kirefu, cheusi tii,
mahali ambapo sauti ilifika ikashindwa kupita.

Nikazikumbuka mbavu za Machi,
nazo zilitupa vivuli,
vyembamba, kama meno ya kitana.
Chokaa ya mwili wangu, ileile:
huku inajenga mtu,
huku inaziba mlango.
Sikujua nicheke au niombe radhi, na kwa nani.

"Alhamisi tutalitoa," Murman akasema,
akinipa karatasi nijifute.

Tsiala alikuwa koridoni, chupa imo mkobani.
"Ni nini?"
Nikamwonyesha kwa kidole gumba na cha shahada: hivi.
Akakodolea ile nafasi tupu,
akavimba yeye sasa:
"Kitu kama hicho ndicho kilichokataa mchuzi wangu?"