Kipya Kinyemi

Daktari Mlacha aliandika nyuma ya risiti:
ngano, hapana. Maziwa, hapana.
Akapiga mstari chini ya hapana zote mbili.
Nikatoka Ilala nimeishika karatasi ile,
nikapita penye chapati za moto
nikageuza uso,
kama mtu aliyekutana na anayemdai.

Miaka miwili nilikula wali.
Wali na maharage, wali na mchicha, wali na wali.
Kwenye harusi keki ilipita, nami nikapiga makofi tu.

Mwezi huu zamu yangu ya mchezo imefika:
laki tatu, nimezifunga ndani ya gauni la mteja.
Nikaingia Kariakoo jua halijakasirika,
nikarudi Tabata na maboksi mawili.
Kijana wa bajaji akauliza, "Mama, unafungua hoteli?"
Nikamwambia, nafungua mdomo.

Mizani kwanza. Nyembamba kama daftari.
Nimepima pete yangu.
Nimepima yai, nikalipasua, nikapima maganda.
Nimepima karatasi ya daktari: gramu moja.
Gramu moja,
na ilivyonilemea!

Mimi fundi cherehani, kiuno cha mtu nakijua kwa jicho;
lakini unga wa muhogo hauna kiuno,
unapepea tu mpaka kwenye nyusi.
Unga wa mtama mwekundu, una kinyongo kidogo mwishoni.
Wa ndizi mbichi umetoka kwa mama mmoja wa Bukoba,
unanukia sanduku la kanga.
Na mbegu za chia, ndogo kuliko dhambi zangu,
ukizitia maji zinashikana mikono,
zinaifanya kazi ya ngano bila chuki ya ngano.
Nazi nakuna mwenyewe. Hiyo sijaikabidhi kwa mashine.

Boksi la pili ni jiko la upepo.
Linaguna kama mzee anayetafuta miwani.
Lusajo kalizunguka mara tatu:
mafuta yanaingilia wapi?
Hayaingii.
Haiwezekani, akasema, akavuta kiti,
akakaa kulitazama kama mpira.
Mihogo ikatoka na ganda la dhahabu, inalia kacha,
akala kumi bila kuniangalia.
"Kipya kinyemi," akasema wifi Bupe,
hakuimalizia methali. Kidonda changu anakijua.

Mkate wa kwanza ulikuwa tofali.
Lusajo aliuweka mlangoni, uzuie mlango usijifunge.
Wa pili, nje mkate, ndani uji.
Wa tatu ulianza kuvimba, nauona kwenye kioo,
unapanda taratibu kama mtoto anayejifunza kusimama,
na taa zikazima.
Tabata nzima ikasema aaah.
Si LUKU; yuniti nilijaza jana. Ni wao wenyewe.

Sikulia. Nikawasha mkaa.
Nikauhamishia kwenye sufuria unatetemeka,
moto chini, makaa juu ya mfuniko,
kama bibi alivyoupalia mkate wa kumimina.
Bupe ameshika tochi ya simu, anaipungia mbu.
Pembeni jiko jipya linapoa gizani,
kama mgeni asiyejua akae wapi.
Nikalifunika taulo. Pole, nikaliambia,
hapa kwetu ndivyo tulivyo, utazoea.

Ukatoka umepinda upande mmoja, umeungua kidogo kisogoni.
Mizani ina betri, ikawaka bluu:
kipande changu, gramu sitini na mbili.
Nikala.
Nikaketi kwenye kigoda, nikalisikiliza tumbo
kama mtu anayesikiliza hatua za askari nje.
Kimya.
Kimya.
Halafu likaunguruma.
Bupe akanielekezea tochi usoni, "Vipi?"

Linaomba kingine.