Desibeli Nne

Chengula karudi kutoka Makambako na deki mpya,
spika tano, sabufa nzito kama mtoto wa darasa la pili,
na diski mbili za filamu ileile:
watu wanakata miti, halafu wanakatana wenyewe.
Moja, anasema, sauti yake ni Dolby, ile isiyopoteza kitu.
Nyingine DTS, nayo haipotezi kitu.
Sasa, nikamuuliza, kama zote mbili hazipotezi,
tunabishania nini hadi ugali unapoa?

Nje, ukungu wa Mafinga umeshuka kwenye mipaina,
umeme umeamua kuwa na sisi usiku huu.

Akanieleza kwa lugha ya kiwandani.
Wapakiaji wawili, mbao zilezile mia mbili arobaini.
Huyu anafunga kwa kamba, anaanza na fupi;
yule anafunga kwa waya, anaanza na ndefu.
Mizigo haifanani urefu juu ya lori,
lakini ukishusha Dar, ukahesabu,
ni mia mbili arobaini, hakuna iliyopungua
hata wembamba wa ukucha.
Muziki wa simu yako, shemeji, huo umepigwa randa.
Umelainika, umekuwa mwepesi kubeba,
ila maranda yalibaki chini
na hakuna gundi ya kuyarudisha.

Tukasikiliza ya kwanza. Tukasikiliza ya pili.
Ya pili! akaruka Kihwele. Hii imeshiba! Hii ina mifupa!
Ezelina, bila kuinua macho kwenye sweta analofuma:
Hiyo ya pili ina kelele zaidi tu.

Ikabidi Chengula apime kwa simu.
Desibeli nne.
Kumbe ile ya kwanza imeandikiwa amri ndani yake:
jishushe, waigizaji waongee kwa kiasi.
Imeonewa kwa sababu ya adabu.
Akaongeza rimoti, akafunika taa za deki kwa kitenge,
akabadilisha, akabadilisha,
na Kihwele akakisia mara kumi, akapatia tano,
sawa na mtu anayerusha shilingi.
Mmeniibia ubishi wangu, akasema,
akajimwagia chai.

Halafu ikaja alfajiri ya msituni, kwenye filamu.
Hakuna anayeongea. Shoka limelala kwenye nyasi.
Msikilizeni yule ndege, akanong'ona Chengula,
nyuma, kulia.
Wote wakageuza shingo kwenye spika ya kabatini.
Na mimi nikageuza,
kwa sababu wao waligeuza.

Miaka ishirini na mitatu kwenye msumeno wa bendi,
pamba masikioni, siku nyingine hata pamba hakuna.
Mbu waliondoka kwanza; nikafurahi, mjinga mimi.
Wakafuata nyenje.
Kisha mluzi wa birika, ikawa maji yanakauka jikoni nimekaa palepale.
Kisha kile kipande chembamba cha mbele ya maneno:
Ezelina anaomba sukari, mimi naletewa "ukari",
naangalia midomo yake, namalizia mwenyewe.
Diski haikupoteza kitu. Waya haukupoteza kitu.
Mzigo umefika mzima hadi mlangoni,
na mlangoni
ndipo yalipo maranda.

Sikusema. Mtu mzima hasemi hayo mbele ya deki ya watu.

Ila sindano za kufumia zilikuwa zimenyamaza.
Mkono wa Ezelina ukaja chini ya blanketi,
ukakifungua kiganja changu kama bahasha,
na kidole kimoja kikaanza:
fupi, fupi, fupi, ndefu.
Kimya.
Fupi, fupi, fupi, ndefu.
Halafu akachelewa kidogo, nadhani ndege alihama tawi,
fupi,
ndefu.

Umemsikia, shemeji? akauliza Chengula.

Nimemsikia, nikasema. Nyuma, kulia.
Ana kitu shingoni, kama anayekwama kabla ya ile ndefu.

Wakanitazama.
Akarudisha nyuma, akasikiliza tena kwa jicho moja.
Eeh, akasema. Kweli. Anakwama.