Lingali Mahakamani

Mwamtoro jina langu,
kuchapa ni kazi yangu,
vidole vina machungu,
nimezeeka kitini.

Juu ya duka la nguo,
ngazi haina kituo,
mlango bila funguo,
pale kwetu Ngamiani.

Kibao cha bati chake
kilibeba jina lake,
na kutu pembeni yake:
Singano wa Selemani.

Mamaye kaponda mawe
huko Pongwe, mwana awe
na kiti chake mwenyewe,
kivulini, si juani.

Karudi na suti moja,
wateja wakimngoja
ngazini, wote pamoja,
kuku yuko kikapuni.

Machungwa toka Muheza
yaliwahi kumaliza
ada alizopunguza
mpaka zikawa duni.

Ndipo wakapanda kwetu
themanini na watatu
wasokuwa na viatu,
mkonge umo ngozini.

Kiwanda kimeshauzwa,
haki zao kupuuzwa,
na mlinzi kaelezwa
wasikanyage getini.

Majina nikayachapa,
kibatari kilinipa
nuru kiasi; na hapa
bado wamo akilini:

Kupaza, fundi wa kamba,
Chandika, tumbo la mimba,
Mzee Hozza, mwembamba,
vumbi limo kifuani.

Singano akasimama,
jaji akamtazama,
ukumbi ukawa kama
msiba upo chumbani.

"Hawa hawaombi cheo,
wala sadaka ya leo;
ni jasho la siku zao
lilobaki vitabuni."

Kesi ikaahirishwa,
jaji naye kahamishwa,
jalada likazungushwa
meza hadi kabatini.

"Gombea!" wakamwambia,
"Sheria watutungia
watu wasotusikia.
Ingia, nenda bungeni!"

Msambweni, Makorora,
akapita na bendera,
tukampa zetu kura,
hata walo kitandani.

Nami nikamfungia
mizigo, nikatilia
nakala ya kesi pia
chini, chini ya sabuni.

Mwaka mmoja kafoka,
redio ikasikika,
nasi tukafurahika,
chai yapoa mezani.

Wa pili, kateuliwa
naibu, gari kapewa,
na kioo kimetiwa
kiza, hujui ni nani.

Kupaza alipokwenda
Dodoma, basi kapanda,
na shati alilopenda,
kamkuta barazani.

Akamshika mkono,
akaonyesha na meno,
kisha likatoka neno
laini kama sabuni:

"Suala lenu, Kupaza,
sheria yanikataza,
ningesema ningekwaza:
lingali mahakamani."

Kupaza akanambia.
Nikacheka, nikalia:
ni nani aliyetia
sahihi yake, ni nani?

Si uongo alisema.
Ni kweli yenye kilema,
yatembea ikikwama,
haijafika nyumbani.

Kura zikaja; kisogo
zikampa. Si kidogo:
hata Pongwe, wa udogo
wake, hawamuamini.

Juzi ngazi ikalia,
ni yeye anaingia,
tumbo lamtangulia,
na jasho tele shingoni.

"Mwamtoro, kazi ipo?"
Nikamwambia, "Ndo hapo
jalada lako lilipo,
limekungoja rafuni."

Akaifungua kamba
ya mkonge ilofumba,
kaona nilivyopamba
kwa nukta majinani.

"Ni nini hizi alama?"
Polepole nikasema:
"Ni wale waliohama,
wako mbele ya Manani.

"Huko jaji hahamishwi,
kesi haiahirishwi,
jalada halizungushwi,
halilali kabatini."

Akavuta kile kiti,
kakaa, kavua koti;
sikuona tofauti:
jasho na haya usoni.

"Andika," ndivyo kasema,
taa inazimazima,
"Kupaza..." hapo kakwama,
nami vidole hewani.