Akaunti ya Mashaka

Saa kumi na moja na robo alfajiri, Jumanne,
nasugua viatu vya watu walioshuka mlimani jana.
Jozi arobaini na moja, za kukodisha,
namba zimeandikwa kisiginoni kwa rangi nyeupe.
Vumbi la Shira si kama vumbi la Pasua:
hili letu jekundu hung'ang'ania,
lile la juu ni kama jivu,
huteremka mferejini bila ubishi.
Sijawahi kufika hata Mandara.
Mlima naujua kwa kucha.

Mama Ndekirwa hulipa kwa jozi, si kwa saa.
"Ukisinzia," husema, "umejikata mwenyewe."
Daftari nimeliegemeza kwenye ndoo,
limevimba kwa matone:
mali kushoto, madeni kulia,
mtaji pembeni, una haya kama mkwe.

Saa mbili, darasani.
Mwalimu Mfinanga ana sauti ya mashine ya kusaga,
taratibu, bila kusimama.
Kalamu yangu ilianza kuandika *mizania*
ikaishia kwenye mstari mrefu
uliotoka nje ya karatasi, ukakata meza,
ukafika kwenye kiwiko cha Eliaichi.
Hakunicheka. Alinisogezea karanga.

Jioni, bendi.
Tuba ni ya kanisa, imebonyea ubavuni,
shimo la kutosha yai;
nani aliiangusha, hakuna anayekiri.
Kaka yangu huuliza: hilo dude linakulipa nini?
Swali la haki. Halilipi.
Linakula nauli, linakula mate, linakula midomo.
Ila katika wimbo wa tatu tuba hunyamaza
mapigo kumi na sita.
Nahesabu kimoyomoyo,
shaba imenilalia begani kama mtoto wa jirani,
na kwa mapigo yale hakuna anayenidai.
Pumziko limeandikwa. Mtunzi alilipanga.
Mimi nilichora ratiba yangu Januari, kwa rangi tatu,
nikalisahau.

Juzi tulipewa vitabu vya duka ambalo halipo.
Nikajumlisha kushoto, nikajumlisha kulia.
Tofauti: shilingi mia mbili.
Nilizitafuta hadi umeme ukakatika,
nikazitafuta kwa mwanga wa simu,
nikalala nikaota niko chini ya kitanda
nazipapasa.
Asubuhi Mwalimu akasema: ukishindwa,
fungua akaunti ya mashaka.
Tofauti iweke humo, andika tarehe, endelea na kazi.
Kosa litajitokeza lenyewe,
au halitajitokeza mwaka huu.
Nilicheka peke yangu. Darasa zima likageuka.

Basi nimefungua ya kwangu,
ukurasa wa nyuma, ule usioloa sana:
usingizi wa siku tatu;
simu ya mama kutoka Kibosho, mara mbili, sikupokea;
jibu la kaka;
na hili, ambalo sijui niliweke upande gani,
kama haya yote nayafanya kwa kuyapenda
au kwa kuogopa siku nitakayokaa
mikono imelala mapajani, mitupu.
Tarehe. Sahihi.

Mama Ndekirwa ameleta jozi ya arobaini na mbili.
Huko juu ilinyesha. Ulimi wa kiatu umejaa tope,
na kamba zina fundo gumu,
la mtu aliyefunga gizani,
akiitwa na wenzake.
Naanza na fundo.