Ukili wa Ndani

Maabara ya shule yetu, Wete, ina hadubini tatu,
moja ndiyo nzima.
Leo niliiegesha dirishani ishike jua,
nikakibandua kitunguu ngozi yake ya ndani,
nyembamba kama bawa la kumbikumbi,
nikaidondoshea iodini,
na kidato cha pili wakapanga foleni.

"Mwalimu, ni matofali," akasema Shaame,
ambaye baba yake ni mwashi.
Nikamwambia, tazama tena.
Mwashi huanza na msingi, akapanda.
Seli ikigawanyika, ukuta huanzia katikati,
ndani ya ute, pasipo pa kuegemea,
ukatambaa kwenda pembeni
hadi uzikute kuta za zamani.
Wala haufungi kabisa: huacha vitobo,
kama kile cha jikoni kwetu
ambacho Bi Riziki alitupitishia kaa la moto
na, kukiandama mwezi wa Ramadhani, bakuli la tambi.

Mengine sikuyapatia maneno.
Niliyapata jioni, Mtambwe, kwa mama,
miaa ya ukindu imeloa beseni zima,
nusu ya zambarau, nusu rangi yake,
shazia kaiuma kwa meno ya pembeni.

"Ukitaka mkoba mrefu," kasema,
"uzungushe ukili kiunoni mwake,
duru juu ya duru, wala usilegeze.
Ukipotea njia, utashona tumbo la bunju."

Ndivyo hasa, mama.
Kwenye utando wa seli wamo wasusi.
Hawana macho; hufuata reli zilizolazwa chini yao,
kila mmoja akisokota sukari iwe uzi,
na uzi, ukikakamaa nyuma yake,
ndio unaomsukuma mbele.
Nyuzi zikikaa mshipi, seli hainenepi,
hurefuka tu: mzizi, bua,
kikonyo cha karafuu.
Zikitawanyika ovyo, huvimba.
"Bunju," akasema mama.
Bunju.

"Na ndani kinaijaza nini?"
Maji. Maji yanasukuma, ukuta unakataa,
na umbo ni huko kukataana.
Mchicha uliolala sokoni saa saba mchana
kuta zake nzima; umekosa wa kushindana naye.
Muuzaji akiurushia kata ya maji
baada ya muda utauona umesimama.

Ukindu huu, lakini, umeshakufa.
Ulikufa juani, Jumatatu, juu ya bati.
Ndani ya seli hamna mtu.
Mkeka tulioukalia ni majumba matupu,
kuta zimeshikana mikono, zimegoma kuanguka.

Hilo sikumwambia.

Alihesabu miaa kwa vidole vinane;
viwili havikunji tena.
"Na sisi, seli zetu zina kuta?"
"Hazina."
"Hata hapa?" Akabana ngozi ya mkono,
ikabaki imesimama kidogo
kabla ya kukumbuka kurudi.
"Hata hapo, mama."
"Basi ndiyo maana," akasema,
asieleze maana ya nini,
akautia mate uzi, akalitafuta tundu la shazia,
mara ya kwanza, mara ya pili.

Ya tatu nilimtungia mimi.