Miguu ya Kihenge

Bosibori alikuja ofisini na kamba.
Si picha ya simu, si ukurasa wa gazeti: kamba ya katani
yenye mafundo matatu.
"Hadi fundo la kwanza ni upana wa chumba cha mama yangu,
la pili ni kitanda,
la tatu ni pale nilipokuwa nikikaa kumenya viazi.
Nijengee hivyo, Ruai.
Kiwanja ni arobaini kwa sitini. Pesa tutazungumza."

Mimi mchana huchora maghorofa ya Kilimani,
ambamo jua huingizwa kwa kioo
kisha hufukuzwa kwa mashine.
Niliitandaza kamba mezani, nikashika futikamba.
Futi kumi na moja. Nikaandika.
Niliona haya, sijui kwa nini.

Udongo wa Ruai ni mweusi, mkaidi.
Mvua ikinyesha huvimba kama mtu aliyetukanwa,
kiangazi hupasuka, na ufa humeza kalamu
(ulimeza yangu, bado imo).
Majirani wamepigana nao kwa zege, lori baada ya lori,
na kuta zao zimetoka mishipa.

Usiku ule nikakumbuka kihenge cha nyanya, Mbooni.
Hakikukaa chini.
Kilisimama juu ya mawe sita
kama mtu aliyekunja suruali avuke tope.
Maji yalipita, panya walizunguka wakachoka,
mahindi yalilala makavu.
Hakuna aliyemwita nyanya mhandisi.

Basi usipigane na udongo. Uachie nafasi uvimbe.
Nikachora nyumba yenye miguu:
mawe kutoka machimbo ya Njiru,
matofali ya udongo mwekundu wa Dagoretti,
saruji kiganja tu, yashindiliwe kwa mkono,
yakauke polepole chini ya magunia yenye maji.
Upenu wa futi tatu, ili jua la saa saba
likute ukuta umeshajifunika.
Mfereji wa bati, tangi, na baraza
pana kiasi cha mtu kunyoosha miguu bila kuomba radhi.

Bosibori akaweka kidole jikoni.
"Moshi unatokea wapi?"
Nikamwambia, mafiga matatu, katikati, kama zamani.
Akacheka cheko lisilo na furaha.
"Mama alikohoa miaka ishirini ndani ya uzuri huo.
Usinijengee umaskini uliopakwa rangi.
Chukua kamba. Moshi uache."
Nikafuta. Nikainua dohani.

Karani wa Jiji akageuza ramani juu chini.
"Hii ni ya kudumu, au ya muda?"
Fomu ilikuwa na visanduku viwili tu.
Nikamwona nyanya akikandika kila Desemba,
kiganja juu ya kiganja,
nyumba ikizeeka na kurudi utotoni.
Nikaliona ghorofa la mtaani kwetu,
lililopasuka kabla mpangaji wa kwanza hajatundika pazia.
Nikatia alama kwenye kudumu.
Wino ukavuja kidogo hadi kisanduku cha pili.

Aprili, saa tisa usiku, simu.
"Mvua imekuja. Maji yanapita chini ya nyumba,
yametoka upande wa pili na kandambili ya mtu.
Sikiliza."
Akaisogeza simu ukutani.
Sikusikia kitu.
"Ndiyo hiyo," akasema, akakata.

Ila kabati la mama yake, la mvule,
halikupita mlangoni.
Nilipima kitanda, nilipima kivuli,
nilipima hadi mahali pa viazi,
kabati sikuliuliza.
Liko barazani mpaka leo.
Kuku mwekundu anataga kwenye droo ya juu,
na nikimwambia Bosibori nije niupanue mlango
ananiuliza, "Kisha kuku aende wapi?"